Bastola kwa Mikono Iliyochoka

Muuzaji hakuuliza swali hata moja. Alimtazama mama mdogo, mvi zake, miwani yake na kimo chake kisichofika begani kwangu, akafungua kabati la kioo na kumwekea juu ya kaunta rivolva ndogo nyeusi, nyepesi, inayoenea kiganjani. "Hii ndiyo ya akina mama," akasema. Ilikuwa Jumamosi asubuhi hapa Houston, Texas, duka limejaa watu kama gulio.

Mama mdogo ana miaka 71. Zaidi ya miaka 20 ya maisha yake Marekani ameimalizia kwenye nyumba za kutunzia wazee, akiwageuza kitandani, akiwainua, akiwavalisha soksi, na kazi hiyo imemwachia baridi yabisi kwenye vidole gumba vyote viwili. Akaipokea ile rivolva, akaielekeza pale alipoonyeshwa, akavuta triga. Haikwenda. Akavuta tena, ikafika nusu, mkono ukaanza kutetemeka. Mara ya tatu akaingiza vidole viwili. Halafu akanigeukia, akaniambia kwa Kiswahili ili mwenye duka asielewe: "Mwanangu, huyu ananiuzia bastola au ananipima presha?"

Tuliondoka mikono mitupu. Miezi iliyofuata tulizunguka maduka mengine, na muhimu zaidi, viwanja vya shabaha vinavyokodisha bastola ili mtu ajaribu kabla ya kununua. Nilichojifunza kwanza ndicho nitakachokisisitiza hadi mwisho: bastola ndogo si bastola laini. Mazoea ya kumpa mzee kile kidude kidogo kuliko vyote yametapakaa nchi hii, kwa imani kwamba udogo ni wepesi na wepesi ni urahisi. Kwa mikono iliyochoka, mambo ni kinyume.

Tuchukue rivolva moja maarufu ya aina hiyo, Smith & Wesson 642. Ina uzito wa gramu 400 hivi na inabeba risasi tano za .38 Special. Triga yake inahitaji nguvu ya pauni 12 au karibu na hapo, yaani zaidi ya kilo 5. Kidole kimoja cha shahada kinadaiwa kuvuta uzito wa dumu la lita 5 la maji, na huku kitu chenyewe kinachovutwa hakifiki nusu kilo. Mkono wenye nguvu utakishikilia kisiyumbe. Mkono dhaifu utakivuta kizima upande mmoja, na risasi itaufuata mkono. Kisha kuna teke, ule msukumo wa bunduki kurudi nyuma. Risasi ileile ya .38, ikipigwa kwenye rivolva ya chuma yenye uzito wa karibu kilo nzima, inausukuma mkono; ikipigwa kwenye hii ya gramu 400 inauchapa kofi, na kofi lenyewe linatua palepale kwenye shina la kidole gumba, penye ugonjwa. Mama mdogo alipoikodi moja ya aina hiyo uwanjani alipiga risasi tatu, akaiweka mezani, akasema imetosha. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe, wa miaka 46, nilipiga tano nikawa nakung'uta mkono kama niliyeshika sufuria ya moto.

Kabla ya kutaja bastola nyingine, tazameni mikono yenyewe. Watu husema "mikono dhaifu" kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Bastola ina madai manne kwa mkono: kukoki (yaani kuvuta nyuma slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza), kujaza risasi, kukamata mpini, kuvuta triga. Mwenye baridi yabisi ya kidole gumba hushindwa kujaza magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, kwa sababu kila risasi inashindiliwa kwa gumba dhidi ya springi, na ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote. Mwenye kidole cha shahada kinachojifunga, kile ambacho kano yake inakwama kisha inaachia ghafla, anaweza kukoki vizuri lakini triga ndefu ikamshinda. Anayetetemeka mikono huweza yote manne akakosa shabaha. Aliyepooza upande mmoja ni habari nyingine kabisa. Kwa hiyo anayewaambia kuna "bastola ya wazee" hajawahi kuwauliza wazee wamepatwa na nini. Daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo atakueleza katika dakika kumi ni lipi kati ya hayo manne limekufa na lipi bado hai, na dakika hizo zina thamani kuliko saa nzima kaunta.

Sitaki kuionea rivolva. Ina sifa ambazo bastola ya magazini haina. Haikokiwi, unafungua silinda, unadondosha risasi kwenye matundu yake, unafunga. Risasi moja ikigoma, unavuta triga tena na silinda inaleta nyingine. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: bastola ya magazini hutumia msukumo wa risasi kujikoki yenyewe, na ili ifanye hivyo inahitaji mkono imara wa kuiegemea. Kifundo cha mkono kikilegea, slaidi haifiki mwisho wa safari yake, ganda la risasi linakwama mlangoni, na mzee anabaki na chuma kisicholia. Rivolva haijali kifundo kilicholegea.

Basi kama ni rivolva, angalau iwe ile inayosamehe. Ruger LCR, iliyotoka mwaka 2009, ina mfumo wa triga uliopunguza msuguano. Inavutika laini zaidi bila kukaza ghafla mwishoni, na wengi wanaoshindwa na rivolva nyingine ndogo huiweza. Bei yake madukani ni kama dola 550 hadi 650. Lakini nayo ni nyepesi, gramu 380 hivi, kwa hiyo teke la .38 liko palepale. Ruger SP101 ni ya chuma kitupu, zaidi ya gramu 700, inatuliza teke lakini inachosha mkono kuinyoosha, na bei inakaribia dola 700 au kupita. Wapo wanaoshauri kuivuta nyundo kwa kidole gumba kwanza ili triga iwe nyepesi. Ushauri huo haufai. Gumba ndilo linaloumwa, na triga iliyolegea hivyo, kwenye mkono unaotetemeka, gizani, ni ajali inayosubiri mlango ufunguliwe na mjukuu. Fundi wa bunduki naye anaweza kukuwekea springi laini; zikizidi ulaini, pigo linakuwa dogo na risasi hailipuki.

Mwaka 2024 Smith & Wesson walileta rivolva mbili ndogo, 432 na 632 za kundi la Ultimate Carry, zinazotumia .32 H&R Magnum. Risasi hiyo ina teke pungufu kuliko .38, na silinda inachukua sita badala ya tano. Kwa mkono unaoumia ni wazo zuri sana. Tatizo ni mfuko: bastola yenyewe inapita dola 700, na boksi la risasi 50 linaweza kuzidi dola 35 au 40 pale unapolipata, maana si kila duka linaweka.

Na rivolva za .22? Hapa wengi hunaswa. Teke lake ni kama hakuna, kweli. Lakini risasi ya .22 haina kile kitufe cha kulipulia katikati ya kitako. Baruti yake ya kuwashia imesambazwa kwenye ukingo, na nyundo lazima iupige ukingo huo kwa nguvu. Ndiyo maana triga ya rivolva ya .22 mara nyingi ni nzito kuliko ya .38 ya ukoo uleule. Umemkimbia simba ukaparamia mti wenye nyuki.

Sasa tuje kwenye bastola za magazini, ambako miaka ya karibuni watengenezaji wameanza kuwafikiria wazee kwa dhati, pengine kwa sababu wazee ndio wenye akiba. Kabla sijazitaja, jaribio moja. Wengi wanaodhani hawawezi kukoki hawajafundishwa kukoki. Wanaishika slaidi kwa ncha za vidole viwili mbali na mwili, kama anayefungua kizibo, na wanavuta. Mkono dhaifu ukivuta peke yake utashindwa. Isogeze bastola karibu na kifua, mtutu ukielekea upande salama na kidole kikiwa nje ya triga. Funika slaidi kwa kiganja kizima kutoka juu, uikamate kama mpini wa jembe. Kisha mkono wenye nguvu uisukume bastola mbele huku ule mwingine ukiishikilia slaidi isiende. Ni kusukuma, si kuvuta. Mama mdogo alizishinda bastola mbili kwa mbinu hiyo, ambazo saa moja kabla zilikuwa zimemshinda. Akacheka kama msichana.

Mtego mwingine uko kwenye kaliba. Muuzaji anaweza kukuambia .380 ni risasi ndogo kuliko 9mm, kwa hiyo bastola yake ni laini. Si lazima. Walther PPK, maarufu kwa James Bond, hutengenezwa pia kwa .380, lakini kasiba yake imekazwa mahali pamoja na slaidi inazuiwa na springi nzito na uzito wake tu. Matokeo yake ni springi ngumu kukoki na teke kali kuliko utakavyodhani kwa ukubwa wa risasi. Bastola ya .380 yenye kasiba inayofunga na kufunguka pamoja na slaidi inaweza kuwa na springi laini zaidi. Usiulize kaliba tu. Ishike, ikoki.

Smith & Wesson M&P 380 Shield EZ ilitoka mwaka 2018 kwa ajili ya watu hasa wa aina hii. Ndani yake kuna nyundo iliyofichwa, na mpangilio huo uliwaruhusu kutumia springi dhaifu zaidi kwenye slaidi. Magazini yake ya risasi nane ina vitufe pembeni vya kuteremshia springi, kwa hiyo gumba halishindilii. Linapumzisha tu risasi mahali pake. Uzito ni kama gramu 520, triga ni ya pauni 5 hivi, chini ya nusu ya ile rivolva ya mwanzo, na bei ni karibu dola 400. Kwa maoni yangu hii ndiyo bastola ya kwanza ambayo mzee mwenye mikono mibovu angepaswa kupewa kaunta. Ina tatizo moja: nyuma ya mpini kuna kizuizi cha usalama kinachotakiwa kubanwa na kiganja, na kisipobanwa bastola hailii. Mwenye kiganja kilichokonda au asiyeweza kufunga ngumi vizuri anaweza kukikosa. Ijaribu bila risasi mara 50, mchana na usiku, kabla ya kuamua.

Ya 9mm ya ukoo huo ilifuata mwishoni mwa mwaka 2019, nzito kidogo, gramu 650 hivi, na ghali kidogo. Ukiona ya mitumba, uliza tarehe: Novemba 2020 kampuni iliziita kiwandani bastola za M&P9 Shield EZ zilizotengenezwa kati ya Machi 1 na Oktoba 31 mwaka huo kwa sababu ya kasoro kwenye nyundo. Namba ya bastola itakuambia kama ni miongoni mwa hizo. Kununua bastola ya mitumba bila kuuliza swali hilo ni rahisi inayogeuka ghali.

Mshindani halisi wa EZ ya .380 ni Ruger Security-380, iliyotoka mwaka 2023. Nayo ina nyundo ya ndani na slaidi iliyolegezwa, ina masikio madogo nyuma ya slaidi ya kukamatia, na haina kizuizi cha kiganja. Usalama wake uko kwenye triga na kitufe cha pembeni. Magazini inabeba hadi risasi 15 katika majimbo yanayoruhusu. Uzito ni gramu 560 hivi. Madukani inauzwa dola 300 hadi 350, na kwa fedha hiyo sijaona kinachoizidi. Mpini wake ni mpana kidogo kuliko wa EZ, jambo ambalo kwa baadhi ya mikono ni baraka, maana mpini mpana unasambaza teke.

Kwa asiyeweza kukoki kabisa, hata kwa mbinu ile, kuna bastola zinazoinua kasiba. Unabonyeza kitasa, kasiba inainuka kwa mbele kama kifuniko cha sanduku, unaweka risasi kwa mkono, unafunga. Beretta wamezitengeneza kwa miongo mingi, na Girsan wa Uturuki wanatoa MC14T ya .380 yenye risasi 13, bei yake ikizunguka dola 450 hadi 500. Nimeupenda ubunifu wake, lakini nina shaka moja. Ikikwama katikati ya kazi, slaidi bado ni ngumu, na mtu aliyeinunua kwa sababu hawezi kukoki atakuwa na nini cha kufanya? Ni nzuri kwa mwanzo wa safari, si kwa kila kona.

Kuhusu bastola za magazini za .22, sitasema mengi. Zina teke dogo sana, risasi zake ni rahisi, na ipo Ruger LCP II ya .22 ambayo slaidi yake huwezi kuilalamikia. Risasi za namna hiyo hugoma mara nyingi zaidi kuliko zile zenye kitufe cha katikati, na nguvu yake ni ndogo. Hata hivyo mzee ambaye kweli hawezi kingine, achukue hii na afanye mazoezi nayo. Anayepiga .22 anapotaka ana uwezo kuliko anayeogopa .38 yake na kuificha kabatini.

Mpaka hapa nimetaja bei za dukani, na bei ya dukani ni mlango tu. Kwa hapa Houston, bastola ya dola 400 inaongezewa kodi ya mauzo ya asilimia 8.25, yaani dola 33. Kasha la chuma linalofunguka kwa namba au alama ya kidole, la maana, ni dola 100 hadi 150. Vizuia sauti vya masikio vya kielektroniki, dola 50. Msivipuuze, kwa sababu mlio wa bastola unapita desibeli 140 na masikio ya wazee tayari yana deni. Darasa la nusu siku, dola 100. Kijazio cha magazini, kile kifaa cha plastiki kinachookoa gumba, kama dola 35. Maboksi mawili ya risasi za kujilindia, dola 50. Ukijumlisha umekaribia dola 800, na hujapiga mazoezi hata siku moja.

Mazoezi ndiyo yanayotofautisha kaliba. Mzee anayepiga risasi 50 kwa mwezi anamaliza maboksi 12 kwa mwaka. Kwa bei tulizozikuta, takriban, .22 ni dola 60 kwa mwaka mzima; 9mm ni kama dola 180; .380, ambayo ni ndogo lakini ghali kwa sababu inatengenezwa kwa uchache, ni dola 240; .38 Special ni dola 300, na ile .32 nzuri ya rivolva mpya inafika dola 480. Ongeza kiingilio cha uwanja, dola 20 kila mara, ni 240 nyingine. Kwa hiyo aliyenunua .380 ya dola 400 atakuwa ametoa karibu dola 1,300 kufikia mwaka wa kwanza kuisha. Kuna anayenunua rivolva ya dola 480, haifanyii mazoezi kwa sababu inamuumiza, na anadhani amebana matumizi.

Sheria sasa, maana wengi wetu hapa tulikuja na makaratasi ya aina mbalimbali. Dukani unajaza fomu ya serikali kuu, namba 4473, na jina lako linapitishwa kwenye ukaguzi wa rekodi. Raia na mwenye green card wanaweza kununua. Bastola dukani ni kuanzia miaka 21. Mama aliyekuja kutembea kwa viza ya matembezi hawezi, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni ya uwindaji, na sheria hiyo inakataza kumiliki, si kununua tu. Kumpeleka uwanjani "ajaribu kidogo" na kumpa bastola mkononi kunaweza kuwatia matatizoni nyote wawili. Jambo la pili: usijaze fomu kwa jina lako huku fedha ni za mzee na bastola ni yake. Huko ni kununua kwa niaba ya mwingine, ni kosa la jinai, na tangu mwaka 2022, kwa anayemnunulia mtu asiyeruhusiwa kumiliki, adhabu inaweza kufika miaka 15 jela. Zawadi ya kweli, kutoka mfukoni mwako, kwa mtu anayeruhusiwa na anayeishi jimbo moja nawe, ni jambo tofauti. Lakini kwa kuwa mikono ni yake, kwa nini asiende mwenyewe? Texas haina kibali cha kununulia wala siku za kusubiri. California inasubirisha siku 10, Illinois inataka kitambulisho cha mmiliki, New York inataka leseni hata ya kuweka nyumbani. Na kabla ya safari ya Nairobi au Dar es Salaam, angalia begi unalopelekea uwanjani. Risasi moja iliyojificha kwenye mfuko wa pembeni ni kesi, huku na kule. Bora begi la mazoezi lisisafiri kamwe.

Kuna mazungumzo ambayo familia zetu huyakwepa kwa heshima. Marekani, zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki ni vya watu kujiua, na wanaume wa miaka 75 kwenda juu ndio wenye kiwango cha juu cha kujiua kuliko rika lolote. Mzee aliyefiwa juzi, anayekaa peke yake na kusema amechoka kuishi, haongezewi bastola nyumbani. Anapelekewa mtu wa kukaa naye, na namba ya msaada 988 inapokea simu saa zote. Kisha kuna kusahau. Siku mzee atakapoanza kupotea njia ya dukani, nani atachukua funguo za kasha? Mama mdogo aliandika jina la binti yake kwenye karatasi na kuiweka pamoja na risiti, yeye mwenyewe, akiwa timamu. Tena wajukuu wapo: Texas ni kosa kuacha bunduki yenye risasi mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 17 anaweza kuifikia, na mto wa kitandani si kasha.

Muuzaji hatakuambia hili, kwa hiyo nakuambia mimi: anza na mlango. Bamba jipya la chuma la kupokea komeo, lenye skrubu za inchi 3 zinazofika kwenye mbao za ukuta badala ya kuishia kwenye fremu, ni kama dola 20 na nusu saa ya bisibisi. Taa ya nje inayowaka mtu akipita, dola 40. Kengele yenye kamera, dola 100. Tochi nzuri kando ya kitanda, dola 30, kwa sababu asiyemwona aliyeko mlangoni hana haki ya kumwelekezea mtutu. Jumla haifiki dola 200, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji nguvu za vidole.

Mama mdogo alifanya yote hayo mwezi wa kwanza, na nilitumaini kimoyomoyo kwamba yangemtosha. Hayakumtosha. Anaishi peke yake, alisema, na hilo si la kujadiliwa na watoto. Basi tukarudi uwanjani, akakodi EZ ya .380 na Security-380, risasi 30 kila moja, bila mimi kusema lolote. Slaidi ya EZ aliivuta kama droo ya kabati, lakini kiganja chake, kilichokonda pale chini ya gumba, mara mbili hakikukibana kile kizuizi cha nyuma. Ya Ruger ilimtaka nguvu kidogo zaidi kukoki, ila kila alipovuta triga ililia. Akaichagua hiyo. Kwa mwenye kiganja kilichojaa ningesema achukue EZ bila kusita.

Alijaza fomu mwenyewe, akalipa mwenyewe, dola 319 na kodi. Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu alipiga risasi 40, akaacha kumi ndani ya boksi kwa sababu gumba la kulia lilianza kuvimba. Hizo kumi ziko kwenye kasha, zinasubiri mwezi ujao.